Fundi wa Siku Tisa: Maisha ya Marehemu Yoakimu Akonaay

Wazee wangu, shikamooni. Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo. Ninyi wengine niliowazidi umri, nimeshapokea shikamoo zenu hata kama hamjazitoa, maana leo mmekuja wengi na jua halitusubiri.

Mimi ni Hermani Akonaay, kaka wa marehemu, tumbo moja. Shemeji yangu Marieta aliniomba niandike wasifu huu nikakataa mara mbili. Nilimwambia wapo walimu katika ukoo, wana mwandiko mzuri na hawakohoi wakisoma. Ukweli ni kwamba siwezi kueleza maisha ya mdogo wangu bila kueleza wivu niliomwonea kwa miaka kumi na sita, na jambo moja nililomtendea kwa sababu ya wivu huo. Tena kuna mkokoteni wa mtu ambao marehemu aliuahidi kwa keshokutwa, Jumamosi, na kama utatoka au hautatoka ni juu yangu mimi na juu ya wazee waliokaa hapa. Nimeomba yote yapigwe chapa kwenye karatasi mliyoshika mikononi, ili nisije nikageuka.

Marehemu Yoakimu Akonaay Bura alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Kainam, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa Mzee Akonaay na Mama Angela. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 2 Aprili mwaka huohuo. Mama yetu, aliyekaa pale mbele, ataniruhusu niseme alichotusimulia sote: mimi nilimtesa siku mbili nzima kabla sijakubali kutoka, lakini Yoakimu alizaliwa mkunga hajavuka korongo. Alipofika alikuta mtoto ameshafutwa na amelala. Nilikuwa na miaka mitano, na nakumbuka watu walivyocheka na kumsifu mtoto kwa kutosumbua. Nadhani wivu wangu ulianzia hapo, ingawa sikujua jina lake.

Alisoma Shule ya Msingi Kainam kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, wala mimi sikuwa nimechaguliwa. Lakini alikuwa na shule nyingine ambayo mimi sikuipata. Baba alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja, na zizini kwetu walilala watatu tu. Wenyeji mnaijua desturi hii, wageni niwaeleze. Kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Huyu anamweka Yaeda Chini kwa rafiki, yule Basotu, mwingine kwa shemeji. Anayemtunza anakunywa maziwa, na ndama ni wa mwenye ng'ombe. Ugonjwa ukiingia kijiji kimoja hufilisiki, na ukihitaji ng'ombe upande fulani wa nchi, unaye tayari hukohuko. Baba alipokwenda kuwakagua alimchukua Yoakimu, wakatembea siku tatu, nne. Mimi niliachwa nyumbani kwa kuwa nilikuwa mkubwa, nisaidie kulima. Yoakimu alirudi anajua njia zote, na kila nyumba njiani inamjua yeye.

Mwaka 1977 alikuja kwangu Dongobesh kujifunza ufundi. Mimi nilikuwa nimefundishwa useremala kwa mapadre miaka mitatu, nikafungua karakana ya mikokoteni ya ng'ombe na ya punda. Nilimfundisha kushika randa, kutoboa mbao, kufunga ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, kuchonga nira isiyochubua shingo ya mnyama. Alikuwa mwanafunzi msikivu na fundi wa kawaida. Nitasema hapa mbele ya jeneza lake, na yeye mwenyewe hakuwahi kubisha: mikokoteni yangu ilikuwa mizuri kuliko yake. Viungo vyangu huoni pa kuingiza ukucha. Vyake ungeweza kuingiza ukucha na kidole kikafuata.

Tarehe 1 Oktoba 1988, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Bi Marieta, binti wa Mzee Michael wa Gehandu, wilaya ya Hanang. Mungu aliwajalia watoto wanne. Siku ya harusi mkokoteni uliombeba bibi harusi niliutengeneza mimi, na kwa kuwa nilitaka uwe mzuri kuliko yote niliyowahi kuitoa, haukuwa tayari. Marieta alikuja kanisani juu ya mkokoteni wa kuazima uliobeba viazi jana yake. Gauni lilichafuka nyuma na watu waliliona. Hakunilaumu hata siku moja, na mkokoteni wenyewe niliukamilisha mwezi wa pili uliofuata.

Nieleze jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, maana vijana hawajui. Mtu alikuja karakana mwezi wa tatu anataka mkokoteni wa kubebea mavuno. Ninampa kiti, tunaongea, kesho nakwenda kwake kuwapima ng'ombe wake mabega. Kisha naanza kutafuta mbao. Zikipatikana ni mbichi, naziweka zikauke. Zikikauka naandika barua Arusha kuulizia ekseli. Ekseli ikija naanza kutafuta matairi, na matairi yakija bolti zimekwisha dukani. Mkokoteni ulitoka baada ya miezi minne, mwaka mbaya miezi minane, mahindi ya mwenyewe yameshabebwa kwa vichwa vya wanawe. Akinung'unika namwambia subira huvuta heri. Enzi za vibali, wakati hata misumari ilikuwa ya kuombea, hakuna aliyeweza kunilaumu. Lakini biashara ilipoachiwa huru, spea zikajaa Arusha na malori ya watu binafsi yakaanza kupita mlangoni kwangu, mimi niliendelea vilevile. Nilishazoea kusubiriwa, na kusubiriwa kunampa mtu ukubwa.

Siku moja mwaka 1990 tulimaliza mkokoteni wa mtu wa Haydom. Nilikuwa naupaka mafuta, nafsi yangu imetulia. Yoakimu akaniuliza, "Kaka, huu umechukua muda gani?"

"Miezi minne na nusu. Huoni ulivyokaa?"

"Naona, kaka, umekaa vizuri sana. Lakini mikono yetu imeugusa siku ngapi?"

Sikumwelewa. Akanipeleka nyuma ya mlango. Alikuwa amechora mstari wa mkaa kwa kila siku tuliyofanya kazi ya mkokoteni ule. Ilikuwa mistari minane.

"Siku zile nyingine zote hatukuwa tunatengeneza," alisema. "Tulikuwa tunasubiri mbao, tunasubiri barua, tunasubiri bolti. Kaka, tatizo letu si mikono. Tukiongeza haraka ya mikono tutapunguza labda siku mbili. Tukipunguza kusubiri tutapunguza miezi."

Nilimwambia haraka haraka haina baraka, na kwamba mlango wangu si ubao wa kuandikia, achukue ufagio afagie. Mtu wa miaka ishirini na tisa, ana mke na mtoto, alichukua ufagio akafagia. Mistari ile niliifuta mwenyewe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na hasira niliyokuwa nayo ilitokana na kujua kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

Tarehe 4 Februari 1991 alifungua karakana yake, ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wangu. Aliniomba ruhusa kabla ya kufungua, nami nikampa, nikijua atashindwa. Jambo la kwanza alilofanya lilinifanya nicheke hadi nikakaa chini. Alikwenda Arusha akanunua ekseli mbili, na hakuna mtu aliyekuwa amemwagiza mkokoteni. Nilimwambia mke wangu Sara kwamba mdogo wangu amenunua sanda kabla ya mgonjwa.

Ekseli zile hakuziweka karakana. Alizipeleka kwa watu, kama baba alivyopeleka ng'ombe. Moja aliiweka Basotu kwa rafiki yake Gidabuday, mfugaji, pamoja na ringi na matairi yake, akamwambia, "Vifunge kwenye mkokoteni wako mbovu, utumie. Nikiwa na mteja huku nitakuja kuvichukua, na nitakuletea vingine." Gidabuday akawa anabebea maji na mahindi kwa magurudumu ya bure, naye anayatunza kama mali yake. Nyingine aliipeleka Gehandu kwa mkwe wake, Mzee Michael. Mbao zilikauka Kainam, kwa dada yetu, juu ya zizi, ambako zilikuwa kivuli cha ndama. Nira zilichongwa na mzee mmoja wa Yaeda Chini wakati wa kiangazi, hana kazi nyingine. Kila kitu kilikuwa kinakaa karibu na pale kitakapohitajika, na anayekitunza anapata maziwa yake.

Halafu aliacha kupima ng'ombe. Mikokoteni yake yote ilikuwa na upana mmoja, ili ekseli yoyote iingie kwenye chesisi yoyote, ile fremu ya chini ya mkokoteni. Mimi niliona hayo ni matusi kwa mteja, kama kumshonea kila mtu suruali ya kiuno kimoja. Wateja hawakuona matusi. Na kwenye mnada wa ng'ombe, wenzake walipokuwa wanaangalia mifugo, yeye alikuwa anaangalia nani ananunua maksai. Anayenunua maksai mwezi wa nne, mwezi wa sita atataka mkokoteni. Yoakimu alikuwa ameshamtengea mbao kabla mwenyewe hajajua kwamba atakuja.

Alianza kuahidi siku tisa. Mtu akija leo, siku ya tisa anafunga ng'ombe wake na kuondoka. Sikuamini, nikawa nahesabu. Mwaka 1994 alitoa mikokoteni thelathini na mmoja. Mimi nilitoa mitano, mizuri sana. Nilikaa mlangoni na randa mkononi nikiangalia ng'ambo ya barabara. Mtu akitoka kwake nilimsimamisha, namsalimia, namwuliza hili na lile, mpaka najua ekseli imetoka wapi na imerudishiwa nini. Minadani niliuliza. Kwenye misiba niliuliza. Ikafika mahali najua kila gurudumu la Yoakimu limelala kwa nani kuanzia Yaeda Chini hadi Basotu, kuliko nilivyojua kuku wangu mwenyewe. Sara alinichoka. "Ungekuwa unapiga randa jinsi unavyochungulia," aliniambia, "tungekuwa tumeezeka bati."

Wivu si njaa ya kitu cha mwenzako peke yake. Mimi sikutaka hata kutengeneza mikokoteni thelathini na mmoja. Nilichotaka ni yeye atengeneze mitano.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Mvua kubwa za mwaka 1997 kuingia 1998 zilikata barabara na madaraja. Miezi mingi hakikupita kitu kutoka Arusha. Mwezi wa saba mwaka 1998, Gidabuday alimwagiza Yoakimu mkokoteni mpya kabisa. Ule wake wa zamani ulikuwa umeoza, na lori la mnunuzi wa mahindi lilikuwa linakuja Basotu siku ya mnada. Ilibidi mahindi yake yafike barabarani siku hiyo. Yoakimu akamwahidi siku tisa. Nilijua, kwa kuwa nilikuwa najua kila kitu, kwamba hata ile ya Basotu ilikuwa imeshachukuliwa kwa mteja, na ekseli aliyobaki nayo ni moja tu, ile ya Gehandu kwa Mzee Michael.

Nilichukua punda wawili nikaenda Gehandu. Mzee Michael alinipokea kwa heshima ya ndugu wa mkwe, akaniletea maziwa. Nikamwambia, "Nimetumwa na mdogo wangu nichukue ile ekseli."

Kwa desturi yetu ng'ombe aliyewekwa kwako, akija ndugu wa mwenyewe kumchukua, unampa. Ukimwuliza una ushahidi gani, umemtukana yeye na ukoo wake. Mzee Michael hakuniuliza. Alimwita kijana wakaifungua, wakanisaidia kuipakia. Yupo hapa leo, na nadhani ni mara yake ya kwanza kusikia kutoka kinywani mwangu kwamba sikuwa nimetumwa. Mzee wangu, nisamehe. Ekseli ile niliificha darini kwangu chini ya magunzi.

Siku ya tisa mkokoteni wa Gidabuday haukutoka. Ulitoka siku ya hamsini. Lori lilikuja na kuondoka, na mahindi yake aliyauza baadaye kwa bei ya kutupa. Alikuja Dongobesh akasimama katikati ya barabara, mbele ya watu, akapaza sauti: "Yoakimu, mimi nilitembea kutoka Basotu kwa sababu wewe si kaka yako. Sasa mmekuwa sawa!"

Nilikuwa mlangoni kwangu. Yale maneno yalinitukana mimi kuliko yeye, lakini niliyafurahia. Nilifurahi siku nzima. Nilimsikia Yoakimu akijibu kwa sauti ya chini, "Rafiki yangu, kosa ni langu. Nilisahau nilipoiweka." Hakunitazama hata kidogo. Nilidhani hajui.

Miaka ikaenda. Gidabuday alimsamehe akarudi kuwa rafiki. Mwaka 2002 wilaya zetu zikawa mkoa mpya wa Manyara, na watu wa mradi mmoja wakaja kutafuta mikokoteni kumi kwa ajili ya vikundi vya wakulima. Walianzia kwangu, wamesikia kuhusu viungo vyangu. Nikawaambia mwaka mmoja. Wakavuka barabara, na Yoakimu akawaambia wiki tano. Jioni yake alikuja kwangu na kofia mkononi. "Kaka," alisema, "nina mikokoteni kumi na mikono miwili. Nisaidie mitatu. Mbao na vyuma nitakuletea mlangoni." Nilikubali kwa hasira. Aliniletea kila kitu kimekatwa, bolti zimehesabiwa kwenye mfuko wa sukari. Nilimaliza wangu wa kwanza kwa siku kumi na moja, na viungo vilikuwa vilevile. Sikumwambia mtu yeyote idadi ya siku hizo mpaka leo.

Alianza kuugua mwezi wa Novemba 2006, maumivu upande wa kulia wa tumbo. Alitibiwa akapata nafuu, akarudi kazini, akazidiwa tena. Tarehe 25 Juni mwaka huu wa 2007 alilazwa hospitali, na madaktari walituambia ni ini. Hata kitandani hakuacha kazi. Kitanda cha jirani alilazwa Mzee Tluway wa Yaeda Chini, aliyevunjika nyonga. Siku ya Alhamisi tarehe 12 Julai mwanawe alikuwa anahangaika, kwamba baba ataruhusiwa Jumamosi ya wiki inayofuata, lakini hana namna ya kumfikisha nyumbani. Gari litaishia barabarani, na kutoka pale ni njia ya mawe na makorongo, na mzee hawezi kukaa juu ya punda. Yoakimu aligeuza shingo kwenye mto akasema, "Utapata mkokoteni siku ya tisa." Nesi alifikiri ni homa inaongea. Yoakimu akampigia simu mwanawe Wolfgang akamwagiza aanze kufunga chesisi.

Nilikwenda kumwona Jumapili, tarehe 15. Marieta alikuwa ametoka kufua. Yoakimu alikuwa amekonda, macho ya njano, lakini akili yake ilikuwa timamu. Alinisalimia shikamoo kama kawaida yake, nami nikaitikia. Kisha akaniuliza, "Kaka, ile ekseli imeshika kutu?"

Nilijisikia kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa hajavaa.

"Haijashika," nilimjibu. "Huwa naipaka grisi kila mwaka."

Alicheka hadi akashika tumbo, na nesi akaja kunigombeza mimi. Alipotulia nikamwuliza amejua lini. Akasema alijua kabla ya siku ya tisa. Alikuwa amekwenda Gehandu mwenyewe kuichukua, mkwe wake akamwambia, "Kaka yako ameshaichukua, si ulimtuma?"

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ni kweli, nilimtuma, nimesahau."

"Kwa nini?"

"Kaka, ningesema umeniibia, Mzee Michael asingempa tena mtu ekseli bila mimi mwenyewe kufika. Habari ingefika Basotu, ikafika Kainam. Kila mmoja angetaka ushahidi, angetaka barua, angetaka nije kwa miguu yangu. Ningerudi miezi minne, kama zamani. Watu wananipa kwa sababu hawaulizi. Ilinibidi nipoteze ekseli moja ili nisipoteze hilo." Akapumzika kidogo. "Tena sikuona kama nimeipoteza. Kila nilipoweka kitu nilikwenda kukagua. Kwako tu sikuwahi kuja, nilijua iko salama."

Nililia, na sioni haya kuandika kwamba nililia. Nililia kwa aibu, na pia, Mungu anisamehe, kwa wivu. Nilikuwa nimefikiri kwa miaka tisa kwamba nimemshinda siku moja, kumbe hata siku hiyo alikuwa amenishinda.

Akaniambia mengine mawili. La kwanza, hakuwahi kuandika popote vitu vyake viko kwa nani. Wanawe wanajua nusu. "Lakini wewe unajua vyote, kaka. Umenihesabia miaka kumi na sita. Mwambie Marieta." La pili, mkokoteni wa Mzee Tluway. Chesisi ipo, ringi zipo, imekosekana ekseli. "Iliyo karibu ni yako. Ni kuvuka barabara tu. Nilipomwahidi yule kijana siku tisa, nilikuwa nimehesabu hiyo."

Alifariki Jumanne tarehe 17 Julai 2007, saa nne asubuhi, Marieta akiwa ameshika mkono wake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Marehemu ameacha mama mzazi, Bi Angela, mjane, Bi Marieta, watoto wanne, Wolfgang, Rogathe, Violeth na Angela mdogo, na ndugu watano, mimi nikiwemo. Ameacha pia vitu ambavyo ndivyo riziki ya mjane huyu na watoto wake, na kama nisingevitaja vingebaki huko vilipo. Basotu kwa Gidabuday kuna ekseli mbili na ringi nne, moja ya ekseli iko chini ya mkokoteni wake sasa hivi. Gehandu kwa Mzee Michael kuna ringi nane. Kainam kwa dada kuna mbao kavu za mikokoteni mitano. Yaeda Chini kuna nira sita, na bolti ziko Haydom, kwa mwenye duka karibu na stendi. Ninyi mnaovitunza mpo hapa, nimewaona tangu asubuhi, mmefika kwa siku mbili watu zaidi ya mia nne, na nimemwonea marehemu wivu hata kwa wingi wenu. Endeleeni kunywa maziwa. Wolfgang akija kuchukua mpeni bila kumwuliza, kama mlivyompa baba yake. Nikija mimi, niulizeni.

Na ekseli moja iko darini kwangu. Jumatatu niliona haya kuivusha barabara mbele ya watu, leo asubuhi ndipo nimeishusha.

Wazee wangu, limebaki ombi. Mnajua katika ukoo wetu ndugu wa marehemu hashiki chombo cha kazi mpaka anyolewe, na sisi tutanyolewa Jumapili. Mzee Tluway anatoka hospitali Jumamosi. Kufunga ekseli, ringi na mti wa kuvutia ni kazi ya siku moja na nusu kwa mtu asiyesubiri kitu, na sasa sina cha kusubiri ila ninyi. Wolfgang hatagusa chuma, yeye ni mtoto na msiba ni wake. Nitafanya peke yangu. Kama kuna mkosi uje kwangu, maana nimemkosea marehemu makubwa kuliko kushika nyundo kabla ya kunyolewa.

Naomba jibu kabla udongo haujaanza kutupwa. Mkikubali, nitatoka makaburini niende karakana, ya kwake, nivue koti. Mkikataa nitatii na nitakaa. Lakini mmoja wenu aende hospitali akamwambie Mzee Tluway kwamba mkokoteni wa Yoakimu umechelewa, na amweleze kuwa umechelewa mara mbili tu tangu dunia iumbwe, na mara zote mbili ni kwa sababu ya Hermani.

Mungu amlaze mdogo wangu Yoakimu mahali pa amani, na asiamshwe na mtu anayeulizia mkokoteni wake.